Ukurasa wa Tisa

Baba alitengeneza karatasi miaka thelathini na mmoja,
robota kwa robota, nyeupe, ndefu kuliko barabara yetu,
wala hakupata kuandika juu yake zaidi ya jina na tarehe.
Mimi nimeombwa kurasa kumi na mbili,
na mkono umeganda kama bomba la Januari.

Wazo la kwanza: Misitu ya Dunia.
Dakta Hynes aliliangalia, akazungusha kikombe cha chai.
"Una, hapa unateka bahari kwa kijiko.
Dunia iache ilipo. Wewe unataka kujua nini?"
Sikujua ninachotaka kujua.
Nilidhani swali ni mali ya mwalimu.

Nikapunguza: misitu ya Newfoundland.
Nikapunguza: kiwanda chetu.
Nikapunguza: ule mgomo wa majira ya baridi, wiki kumi na moja,
ambao nyumbani hutajwa kwa sauti ya kanisani.
Nikapunguza tena, kama mtu achongaye penseli
hadi akachelea kubaki na vumbi,
kikabaki hiki:
Walikula nini?

Maneno mawili. Dakta Hynes akaweka kikombe chini.

Leander Budgell wa maktaba, ghorofa ya chini,
soksi za sufu, vidole vinanuka gundi,
alinifundisha kadi: jambo moja, chanzo, ukurasa.
"Usiniambie utakumbuka.
Wote walioniambia watakumbuka
walirudi hapa wiki ya mwisho wakilia."

Nikazitandaza kwenye zulia, theluji ikipapasa dirisha:
viazi upande huu, samaki wa chumvi pale,
sungura wa kutegwa, maziwa ya kopo,
na madeni karibu na mlango, maana yalikuwa mengi.
Nikayahamisha, nikayarudisha.
Hakuna aliyeniambia kwamba mpango hupigiwa magoti.

Hoja ilikuwa tayari, imenyooka kama msonobari:
waligawana, walishikamana, hakuna aliyevunja mgomo.
Ndivyo asemavyo Baba. Ndivyo wasemavyo wote mezani.

Kisha daftari la duka la Noseworthy,
sanduku la tatu, wino wa kahawia.
Wiki ya kwanza, Eli Pittman: unga, deni.
Wiki ya pili, Eli Pittman: chai, asali ya miwa, deni.
Wiki ya tano, Eli Pittman:
deni lote limelipwa. Taslimu.

Babu yangu.
Niligeuza ukurasa, kana kwamba nyuma yake
kungekuwa na maelezo. Kulikuwa na bei ya mafuta ya taa.

Usiku ule kadi ile niliisukuma chini ya zulia.
Arobaini na sita juu, moja chini,
na hoja yangu ikasimama vizuri mno.
Kila nilipopita, unyayo uliijua ilipo.

Nikampigia Baba simu, nikamsomea mstari.
Alinyamaza hadi nikasikia friji yao ikiguruma.
"Alikuwa na saa," akasema. "Ya mfukoni, ya dhahabu.
Sikuiona tena."
Halafu: "Au labda niliambiwa hivyo."

Ukurasa wa tisa nimeuandika mara saba.
Sikuandika saa, maana saa sina.
Sikuandika usaliti, maana huo nao sina.
Niliandika: Familia moja ililipa katika wiki ya tano.
Fedha zilikotoka, daftari halisemi.
Juu ya nukta nikaweka namba ndogo,
na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi,
sanduku, daftari, tarehe,
na jina letu, kama lilivyoandikwa.

Dakta Hynes ameirudisha na wino wa kijani:
koma tatu, tahajia ya Noseworthy,
na kando ya ukurasa wa tisa: "Hapa."
Hapa nini, hakusema.

Baba ameomba nakala.
Anaipima kwanza baina ya kidole gumba na cha shahada,
anaiinua kwenye mwanga wa dirisha.
"Si yetu hii," anasema. "Nyepesi."
Kisha anatafuta miwani.